Maadili ya Ukutani

Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kilitupa Wakenya maadili ya kitaifa: uadilifu, uwazi, uwajibikaji na mengine yanayopendeza kwenye fremu. Hapa Kakamega tumeyatia fremu. Kando yake kuna bango lisemalo ofisi hii haina ufisadi, na chini ya bango ameketi karani anayekuambia faili yako haionekani, macho yake yakiwa mfukoni mwako. Ukitoa ya chai, faili inafufuka. Jumapili karani huyo huyo ndiye mwenye kikapu cha sadaka. Tusimseme sana, sisi ndio tuliotoa ya chai.

Na sisi ni wapenda mazingira. Tunajua kwamba msitu wetu ni kipande cha mwisho nchini cha ule msitu mkubwa wa mvua ulioanzia Kongo. Siku ya kupanda miti tunavaa fulana, tunapigwa picha tumeukumbatia mche, halafu tunarudi nyumbani kula kuku aliyeiva kwa makaa ambayo hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku Agosti 2017, faini ikifika shilingi milioni 4. Muuza omena akiichomoa chini ya meza, mwanaharakati anapokea kwa mikono miwili: "Asante, mama."

Basi, msomaji, kesho ukiombwa ya chai, toa tu, ila udai risiti. Uwazi umo kwenye fremu, palepale juu ya kichwa cha karani.