Asali Mdomoni mwa Mkaguzi

Wachina wa kale walijua mbinguni kunatawaliwa kama duniani: kwa mafaili, vyeo na bahasha. Kila nyumba ilikuwa na mungu wake wa jikoni, Zao Jun, picha ya karatasi iliyobandikwa karibu na meko, akisikiliza mwaka mzima nani kamsengenya nani na nani kampunja nani. Siku ya 23 ya mwezi wa 12 wa kalenda yao (kusini wengi hungoja ya 24) hupanda juu kupeleka ripoti kwa Mfalme wa Jade, mtawala wa mbinguni. Wenye nyumba, badala ya kutubu, humpaka asali au peremende ya kunata mdomoni. Akifika huko, ama atasema matamu, ama meno yatakuwa yameshikana. Kisha picha huchomwa. Moshi ndio nauli. Ukiondoa huo moto, wakaguzi wangapi wameagwa hivyo hivyo!

Pepo wabaya ndio rahisi zaidi kuwahadaa. Nyumba za zamani za Beijing zina ukuta mfupi langoni, maana pepo, inasemekana, huenda moja kwa moja tu. Maradhi wanaleta, kona hawaijui.

Marehemu nao huchomewa noti za "Benki ya Kuzimu", nyingine za mabilioni, na siku hizi simu na magari ya karatasi. Kwa fedha inayochapwa bila gavana wa kuuliza, sijui kilo ya mchele kuzimu imefika ngapi.