Jinsi ya Kuingia Mahali pa Maajabu na Kutoka na Akili Timamu

Anza na hodi. Mahali pa maajabu pana wenyewe, hata pale usipoona mtu mlangoni. Ukienda Kaya Kinondo, kule Kwale, utafungwa kaniki kabla ya kukanyaga msitu, na masharti utapewa mapema: usichume jani, usiokote jiwe, usiondoke na kitu. Kubali yote, kisha uliza. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini wazee walikuwa wameilinda kwa miiko karne nyingi kabla orodha hiyo haijatungwa. Mgeni anayetanguliza kamera na kuchelewesha shikamoo ameiharibu safari yake mlangoni. Atoke, apige hodi upya.

Baada ya hodi, beba swali, nalo ni jepesi kuliko chupa ya maji. Mtu akikwambia kwamba haijulikani nani alijenga mahali fulani, muulize: haijulikani kwa nani? Uliza kwa upole, lakini usiondoke bila jibu. Nimesoma vitabu vingi vya maajabu ya dunia tangu utotoni, na ninavipenda hadi leo, ila kila nikirudi kwenye kurasa zake naona jambo linaloniuma. Ajabu nyingi humo zina wenyewe waliosimama pembeni wakingoja kuulizwa, na hakuna aliyewauliza.

Chukua Great Zimbabwe. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika pale akakuta kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, nyingine zikifika meta 11 kwenda juu. Akabandua kibanzi cha mti kutoka kizingiti cha mlango, akakilinganisha na mti wa penseli yake, akaona vinafanana. Penseli ni ya mwerezi, mwerezi hutoka Lebanoni, Lebanoni ndiko Mfalme Suleimani alikoagiza miti yake, basi aliyejenga hapa ni Malkia wa Sheba. Watu wakanyang'anywa mji wao kwa ushahidi wa penseli. Na Washona walikuwa pale pale, wajukuu wa wajukuu wa waliozijenga zile kuta kati ya karne ya 11 na ya 15.

Mwaka 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver alichimba akasema wazi kwamba wajenzi ni Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akachimba tena, akaleta ushahidi mzito zaidi, jibu likawa lile lile. Walowezi wa Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa wakati wa ukoloni, hawakutaka kulisikia, kwa sababu anayekiri kwamba wenyeji walijenga mji wa namna ile atashindwa kueleza kwa nini anawatawala. Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa magofu ya nchi hiyo, aliondoka mwaka 1970 kwa kuushikilia ukweli huo. Kwa hiyo ukifika pale acha penseli mfukoni, weka kiganja chako ukutani, kisha ukumbuke kwamba miongoni mwa vitu vilivyopatikana mle imo sarafu ya Kilwa. Dhahabu ya bara ilishuka hadi Sofala, ikapanda majahazi hadi Kilwa, na biashara ikarudi kwa njia hiyo hiyo. Wale wajenzi walikuwa wateja wetu. Watu wa pwani wangeweza kumjibu Mauch kwa sentensi moja.

Somo la Rapa Nui ni la aina nyingine: sikiliza hata jibu linaloonekana la kitoto. Kisiwa hicho kiko kusini-mashariki mwa Pasifiki, kimepewa na wageni jina la Kisiwa cha Pasaka, na kina masanamu ya mawe karibu 1,000 yaitwayo moai. Wageni walipouliza yalifikaje ufukweni kutoka machimbo ya Rano Raraku, wenyeji walijibu kwamba yalitembea. Wageni wakatabasamu, wakaandika "ngano" kwenye daftari, wakaenda kutafuta maelezo yao wenyewe. Mwaka 1968 Erich von Däniken alitoa kitabu kilichowapa mamilioni ya wasomaji wazo la viumbe kutoka anga za juu.

Kisha wakaja wanaakiolojia Carl Lipo na Terry Hunt, wakayachukua maneno ya wenyeji kama maelekezo ya kazi. Walitengeneza sanamu la zege la zaidi ya tani 4, wakalisimamisha, wakalifunga kamba tatu, wakawapa watu 18. Kamba moja kulia, moja kushoto, moja nyuma ya kulizuia lisianguke kifudifudi. Wakavuta kwa zamu huku wakiimbiana, na sanamu likaanza kuyumba na kusonga. Lilikwenda meta 100 kwa dakika 40. Kila aliyewahi kuhamisha friji anaijua kazi hii: hulibebi, unalitembeza, pembe hii mbele, kisha pembe ile. Wapo watafiti wanaoendelea kusema kwamba moai yalilazwa na kuburutwa juu ya magogo, na mjadala huo ni halali kabisa. Lakini neno "yalitembea" halikuwa upuuzi. Lilikuwa jibu la fundi.

Nikifika kwenye Pembetatu ya Bermuda sikai sana, kwa sababu ina kazi moja tu ya kukufundisha, nayo ni kudai anwani. Jina lenyewe lilibuniwa na mwandishi Vincent Gaddis mwaka 1964, na mwaka 1974 kitabu cha Charles Berlitz kikalisambaza duniani. Mwaka uliofuata Lawrence Kusche, aliyekuwa mkutubi, alifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya: alirudi kwenye magazeti na ripoti za siku za ajali. Akakuta vyombo vilivyozama mahali pengine kabisa, na siku zilizotajwa kuwa za bahari shwari ambazo kwa kweli zilikuwa za dhoruba. Ndege tano za jeshi la Marekani zilizopotea tarehe 5 Desemba 1945 zilipotea kweli, zikiwa na watu 14, na ndege iliyotumwa kuwatafuta ikapotea na wengine 13. Hao 27 walikuwa na mama zao. Ukisimulia kisa chao, kisimulie kama msiba.

Sasa jitayarishe kwa jambo gumu kuliko yote, yaani kupata jibu na bado ukashangaa. Wengi hudhani jibu ni kama kuzima taa. Nenda Racetrack Playa, kwenye Bonde la Mauti huko California, uone mawe yaliyoacha michirizi mirefu kwenye tope lililokauka, kana kwamba yalijiburuta. Kwa miongo mingi hakuna aliyeyaona yakisogea. Richard Norris na binamu yake James Norris waliweka mawe yao yenye vifaa vya kufuatilia mwendo, wakangoja, na Desemba 2013 wakawa pale pale yalipoanza safari. Ilikuwa hivi: mvua ya kipupwe huacha dimbwi la maji, usiku maji huganda kuwa barafu nyembamba kama kioo cha dirisha, mchana barafu huvunjika mapande mapana, na upepo mwanana huyasukuma mapande hayo yakayasukuma mawe, polepole, meta chache kwa dakika. Jiwe la kusukumwa na kioo! Nilipoyasoma maelezo hayo mara ya kwanza nilisimama. Uchawi usingenishangaza hivyo, maana uchawi ukishautaja umemaliza, lakini hapa maji, baridi, jua na upepo vilihitaji kupatana siku moja katika jangwa.

Huku kwetu yuko ndugu wa ajabu hiyo. Karibu na Olduvai, nchini Tanzania, kuna kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mwandamo, kinachohama kidogo kidogo kila mwaka, kizima kizima, bila kuacha umbo lake nyuma. Mchanga huo ni majivu ya Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, volkano ambayo lava yake hutoka nyeusi na laini kama tope, kisha ikipoa na kukutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Majivu yale yana chuma, na punje hushikana. Ukirusha konzi ya mchanga huo, utaona unavyorudi kwa wenzake. Vigingi vya miaka vimechomekwa nyuma yake kuonyesha ulikopita. Tembea kando ya vigingi, usipande mgongoni, na uwape nafasi Wamaasai wanaokuja pale kwa mambo yao.

Na Gedi? Gedi nimeihifadhi mwisho kwa sababu ndiko moyo wangu uliko.

Magofu ya mji huo wa kale yako kilomita kama 15 kusini mwa Malindi, ndani ya miti. Ukiingia, kima watakufuata wakiangalia mifuko yako. Usiwape ndizi, wana chakula chao msituni. Pita ukuta wa nje, pita ukuta wa ndani, na kabla hujakwenda kwenye jumba la mfalme nenda kwanza kwenye kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Simama hapo hadi hesabu ikuingie. Miaka 99 baadaye ndipo Vasco da Gama alipotia nanga Malindi. Mji wenye tarehe yake yenyewe ukutani, kwa mkono wa watu wake wenyewe, usikubali mtu auite mji usio na historia.

Kisha ingia majumbani. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba pale mwaka 1948, na nyumba nyingi zilipewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri. Kwenye vifusi vilitoka vyombo vya Kichina na shanga za Venisi. Usipite haraka. Mwenye mkasi alikuwa anakata nini siku ile ya mwisho? Mwongozaji akikuonyesha vyoo, usione haya kuviangalia, kwa kuwa ni miongoni mwa mambo yanayouheshimisha mji huu kuliko vyombo vya Kichina: watu wa matumbawe na chokaa, wenye sehemu za kujisafishia majumbani mwao na mifereji ya kutolea maji ya mvua, wakati miji mingi yenye majina makubwa ilikuwa ikimwaga ndoo dirishani.

Hapo ndipo mtu atakuja kukusimulia fumbo kuu: Wareno walikaa Malindi karibu miaka 100, jirani kabisa, na hawakuitaja Gedi. Ajabu gani hii! Ndipo utoe lile swali lako. Haikujulikana kwa nani? Wenyeji waliijua vizuri mno; walikuwa wakiuziana nguo na kuozana mabinti. Hata jina tunalolitumia tumelipata baadaye kutoka kwa Waoromo, na maana yake ni kitu cha thamani. Wapo watafiti wanaodhani mji wenyewe ulikuwa ukiitwa Kilimani. Huenda Mreno aliuandika kwa jina jingine, huenda hakuwahi kukaribishwa. Ukimya wa daftari lake ni habari ya daftari lake. Mwaka 2024 Gedi iliingia Urithi wa Dunia, nami nilifurahi kama aliyesikia jina la ndugu likisomwa redioni, ila haikuanza kuwapo siku hiyo.

Watakusimulia pia habari za mizimu ya wazee wanaowalaani waharibifu wa kuta. Usicheke. Hadithi hiyo imelinda mawe mengi kuliko uzio, na mtu anayeogopa kung'oa jiwe kwa ajili ya marehemu ana adabu kuliko anayeandika jina lake ukutani kwa msumari.

Fumbo lenyewe la kweli ni kuhama kwao. Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulibaki mtupu. Sababu zilikuwapo za kutosha. Wapiganaji waitwao Wazimba walipita pwani wakiua hadi walipopigwa Malindi mwaka 1589, Waoromo walikuwa wakishuka kutoka kaskazini, na mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, nguvu na biashara vikahamia Mombasa. Yote hayo yanasomeka vitabuni, na unaweza kuyasoma ukiwa nyumbani.

Moja tu linataka uwe pale. Tafuta kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu, inama kwa uangalifu, uangalie chini. Kilichimbwa kwa kina fulani, kisha wakati mwingine mtu akateremka akakichimba tena, chini zaidi, kwa kuwa maji yalikuwa yanawakimbia. Msikiti uko hatua chache, na watu wa udhu wanangoja. Ndoo inashushwa, kamba inaongezwa urefu, na anayeivuta anaisikia ilivyo nyepesi kabla haijafika juu.