Grupu ya Vijana Imenifunga Mdomo

Hebu niambie, umewahi kufungwa mdomo na mtoto uliyekuwa ukimnunulia mandazi? Basi sogea hapa.

Hapa kwetu kati ya Litein na Sotik vijana wana grupu yao ya WhatsApp. Kibarua cha kuchuma chai kikipatikana, wanaambiana. Ng'ombe akipotea, wanaambiana. Mimi nikiuliza habari, naambiwa, "Mzee, ilikuwa kwa grupu." Nikabembeleza mpaka nikaingizwa.

Nikajitambulisha kama mtu mzima. Jina kamili. Namba ya kitambulisho. Mwaka wa kuzaliwa. Na picha ya karatasi yangu ya bonasi ya chai, watu wajue mimi si mkulima wa juzi. Si kwa chifu ndivyo tunavyojitambulisha? Kabla sijapata miwani nijisome, kila kitu kimefutwa!

Admini ni kasichana ka jirani, kako chuo. Jioni kakaja nyumbani, kakanywa mursik yangu, kakaanza kunifundisha. Eti mwizi wa laini hahitaji kuigusa simu yako. Anakupigia, anajifanya kastoma kea, anakutoa namba ya kitambulisho na PIN, anahamishia laini kwa kadi yake. Simu yako inapoteza netiweki. Wewe unaipiga makofi ukidhani ni mvua, kumbe M-Pesa inafagiliwa, na Fuliza inakopwa kwa jina lako. Mulot ni hapo tu, mpakani mwa Bomet na Narok. Wengi pale wanajitafutia kihalali, lakini wapelelezi wa DCI wamekamata watu huko mara nyingi kwa wizi wa aina hiyo. Na Oktoba kila mtu anajua wakulima wamepata bonasi.

Kisha akaniuliza, "Mzee wetu, PIN yako si mwaka wa kuzaliwa?"

Nikamkodolea macho. Huyu ni mtoto ama mganga? Akanigeuzia mgongo nibadilishe. Nikabadilisha.

"Na usiweke mwaka wa mama," akasema, bado amenipa mgongo.

Siku hizi nikitaka kuandika kitu, nampelekea yeye kwanza akague, kama majani ya chai pale kituo cha kununulia: yaliyokomaa yanatupwa. Yangu yote yamekomaa!

Wasichana nao wameweka sheria ya picha. Ukisambaza picha ya utupu ya mtu, unatolewa na unapelekwa polisi. Si mchezo, iko kwenye sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018: faini hadi shilingi 200,000, au jela hadi miaka 2, au vyote. Nikauliza, na picha ya bonasi yangu ilifutwa kwa kosa gani? Kijana mmoja akajibu kwamba ile bonasi nayo ilikuwa utupu. Grupu nzima ikacheka. Sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa tunalipwa chini ya wenzetu wa Mlima Kenya, halafu tunachekwa na watoto wetu.

Sasa wewe mzee mwenzangu, kama laini yako ni ya Safaricom, piga *100*100# isihamishwe kiholela. Na anayekuuliza PIN, mkatie simu, hata akikuita baba. Mimi sasa nakata kila namba ngeni. Juzi nilikata moja, kumbe ni shemeji amebadilisha laini, anataka kunilipa deni langu. Hajapiga tena. Ukimwona huko Bomet, mwambie ajaribu. Nitashika.