Mjomba, Injini Imenoki Barafuni



Najua mama amekwisha kukutangazia kwamba nimenunua usafiri, kwa sababu binti wa shangazi amenipigia kuuliza hiyo "gari ya theluji" inabeba watu wangapi. Inabeba mmoja, tena kwa shingo upande. Ni pikipiki isiyo na magurudumu: mbele ina skii mbili, nyuma mkanda wa mpira kama wa katapila, na juu yake mpwa wako akitetemeka. Mzee jirani ameniuzia dola 600. Umri wake (wa mashine, si wa mzee) unatosha kuoa.

Huku Minnesota kaskazini ndiko kwao mashine hizi. Kampuni ya Polaris ilianzia mji wa Roseau, Arctic Cat ikaanzia Thief River Falls, na Edgar Hetteen yumo katika kuzaliwa kwa zote mbili, kama fundi anayegombana na wenzake kisha anafungua gereji mtaa wa pili. Mji huo wa pili jina lake kwa Kiswahili ni Maporomoko ya Mto wa Mwizi. Spea nanunua kwingine.

Nimeinunua kwa ajili ya samaki. Ziwa likiganda, watu hutoboa barafu na kukaa kwenye ndoo wakivua. Idara ya maliasili ya jimbo inashauri barafu ya inchi 4 kwa mtembea kwa miguu, angalau 5 kwa pikipiki hii. Mimi niliyekulia Kirumba, kando ya ziwa, ninayejua ziwa ni maji, nilipima inchi 14 kisha nikasali.

Ila kumbe barafu haikuwa na neno. Asubuhi ile ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri. Mzee aliniambia niiache injini ingurume kwanza ipate moto. Nikajisemea: kwa baridi hii injini itachemkia wapi? Nikawasha, nikakanyaga. Kumbe hapa hawakanyagi, wanabonyeza kwa kidole gumba; nilibonyeza hadi mwisho. Nusu kilomita, ikalia kama mbuzi anayekanyagwa, ikanyamaza. Wewe ungejua papo hapo: pistoni ya aluminiamu imepata moto ikavimba, silinda bado ni ya baridi haijatanuka, zikabanana. Nilirudi nikiivuta kwa kamba. Watoto wa jirani walinipungia mkono.

Sasa injini iko juu ya meza ya kulia chakula, na mke wangu anakula amesimama. Ni tustroki ya silinda mbili, mdogo wake Yamaha ya boti yako. Kabla ya kuifungua nilipima kompresheni: kushoto pauni 120, kulia 85. Hapo hata mimi nilijua hizi si ndugu tena.

Nakusikia unavyosema: "Ichonge, weka ovasaizi, twende kazini." Mjomba, haichongeki! Yamaha yako ina kikombe cha chuma ndani ya silinda, unakila kidogo kidogo. Hii ni aluminiamu tupu iliyopakwa utando uitwao nikasili, Wajerumani wa kampuni ya Mahle waliubuni miaka ya 1960 kwa ajili ya injini ya Wankel. Ni mgumu ajabu, lakini unene wake ni kama wa karatasi ya daftari. Ukiuchonga umebaki na sufuria.

Kwa hiyo swali ni moja: nirudishe vilevile, au nitoe pesa utando upakwe upya? Nilikuwa na jibu tayari, maana pesa iliyopo ni ile niliyomwahidi bibi ya mabati. Nikamwita mzee aniunge mkono. Akaitazama silinda ya kulia, kimya, kama dakika nzima. Kisha: "Si mbaya sana." Watu wa huku hawasemi kitu kibovu. Unahesabu ule ukimya.

Akaleta asidi ya kusafishia saruji na pamba kwenye kijiti. Ile michirizi myeupe ukutani ni aluminiamu ya pistoni iliyoganda. Asidi huila, utando haiugusi. Ikatoa povu, tukafuta, tukapaka tena. Upande mmoja povu likakoma, na chini yake mikwaruzo ya kiwandani ya kushikia oili bado inaonekana vizuri. Nikaanza kupiga mluzi. Karibu na tundu la ekzosi halikukoma. Likaendelea kuchemka tu, maana pale utando haupo, asidi inakula silinda yenyewe. Nikapitisha ukucha, ukakwama. Ukucha, mjomba, kipimo chako kilekile! Nimekuja hadi Marekani kukipata.

Ya kushoto ni safi, ukucha unateleza, inarudi. Pistoni yake ndiyo iliyonisumbua usiku kucha. Kwa macho ni nzima, ringi hazijakwama. Nikajaribu kumshawishi mzee: hii tuioshe tu. Akanipa maikromita, tukapima sketi (ndiyo, pistoni ina sketi, usiwaambie vijana wa gereji), kisha silinda. Nafasi inayotakiwa ni kama milimita 0.1. Yangu ilikuwa 0.2. Nikapima tena nikiwa nimebana pumzi. 0.2. Nikapima mara ya tatu nikiinamisha maikromita kidogo, mzee akaichukua mkononi mwangu bila kusema neno.

Kwa hiyo pistoni mbili mpya na ringi zake. Silinda ya kulia nimeituma kwa posta ikapakwe utando upya. Bei ya kazi hiyo nitakuambia mama asipokuwa karibu. Zile pistoni kuukuu mke wangu anawekea mishumaa.

Mwambie bibi mabati yatachelewa hadi Aprili. Akiuliza sababu, sema baridi.

Mpwa wako.