Ngeli za Faili: Uchunguzi wa Awali Kutoka Sola

Wanasarufi wamezozana miaka mingi juu ya ngeli ya neno faili. Wako wanaosema "faili hii", wako wanaosema "faili hili", na kila kambi ina kamusi yake mkononi. Ubishi huu ungekwisha kwa siku moja kama wangefunga safari hadi Sola, mkoani Simiyu, wakamtazama mpiga video akipandisha ngoma ya jana. Hapa faili halina ngeli moja. Linazaliwa katika hii, linabanwa likaingia ile, na mpaka lifike linakokwenda limeshapita karibu zote.

Kwa faida ya msomaji wa mbali: siku hizi hatuchomi DVD. Faili mama linapandishwa kwenye huduma ya kusimba video mtandaoni, yaani kompyuta za watu zilizoko winguni. Huko linapikwa upya na kupakuliwa katika sahani kadhaa: kubwa ya mwenye televisheni, ya kati, na ndogo ya mwenye bando la kuungaunga. Mapishi ni yao, kitoweo unapeleka mwenyewe. Na kitoweo ni kizito.

Tuanze na ngeli ya ukubwa. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hutoa gigabaiti 22.5 kwa saa moja. Hilo si faili tena, ni jifaili. Laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde (hiyo ni laini iliyolelewa vizuri) italibeba kwa saa 25, umeme usipokatika. Na ngoma za baada ya mavuno hazichezwi saa moja.

Ndipo watu wanapokimbilia ngeli ya udogo. Jifaili linabanwa hadi megabiti 8 kwa sekunde, linakuwa kifaili cha gigabaiti 3.6, safari ya saa 4 tu. Tatizo ni kwamba wingu nalo litakibana tena, na picha iliyobanwa mara mbili ni kama shati lililofuliwa kwenye jiwe: rangi ipo, lakini unaikumbuka zaidi kuliko unavyoiona. Kwa hiyo kuna madhehebu mawili, Wabichi na Wabanaji. Kama Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wakiwa uwanjani, kila upande unacheza kivyake huku ukihesabu watazamaji wa upande wa pili. Mimi ni Mbichi kwa imani na Mbanaji kwa bajeti.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana vumbi halijatendewa haki na wasomi. Programu ya kubana video huokoa nafasi kwa kutorudia kisichobadilika kati ya picha moja na inayofuata. Ukuta ukitulia, unaandikwa mara moja. Sasa iletee ngoma ya bugobogobo: majembe yanarushwa hewani, njuga zinatikisika, umati unahama upande mmoja kwenda mwingine, na juu ya yote limetanda vumbi ambalo kila punje yake ina safari yake. Programu haipati cha kuacha. Maji ya bwawa la New Sola yakipigwa na upepo huitesa vilevile. Lakini hotuba ya mgeni rasmi, dakika 40, midomo tu ndiyo inayocheza, hubanika ikabaki karibu si kitu. Nimeipima mara kadhaa, na kila mara naiona kompyuta imekubaliana na wasikilizaji.

Ngeli ya vipande ni uvumbuzi wa wenye wingu wenyewe. Kwenye ghala la Amazon, faili kubwa hukatwa vipande visivyopungua megabaiti 5 kila kimoja, isipokuwa cha mwisho, na visivyozidi 10,000. Kimoja kikipotea njiani kinarudishwa hichohicho. Asiyejua hili huanza upya kila mtandao unapokatika, na huyo tunamweka katika ngeli ya KU: kungoja, kulaani, kurudia.

PA, KU na MU ni ngeli za mahali, na Sola zinahitaji kiatu. Pale chini ya mwembe pana vijisehemu vya mtandao. Kule juu ya jiwe kubwa kuna zaidi. Mle ndani ya basi la Mwanza ndimo mwenye mtandao wa kasi kuliko wote, ingawa hamna mnara. Kadi ya gigabaiti 64 ikisafiri humo saa 4 ni sawa na laini ya karibu megabiti 36 kwa sekunde, na gharama yake ni soda ya kondakta. Wanaocheka wajue kwamba mwaka 2016 Amazon walitangaza lori la Snowmobile, kontena la futi 45 la kuhamisha petabaiti 100 kwa barabara. Na mwaka 2009 huko Afrika Kusini, njiwa aitwaye Winston alibeba gigabaiti 4 kutoka Howick hadi Durban. Kazi yake ilipokamilika, laini ya intaneti ilikuwa imepeleka asilimia 4.

Njiwa ni A-WA bila ubishi. Ila hata faili huingia ngeli hiyo, kwa kawaida kuanzia asilimia 90. Hakuna anayesema "limesimama". Tunasema amegoma, kalala, kaamka.

Juzi nilikuwa juu ya jiwe na bando la usiku, nikimweleza mteja kwenye simu ya pili. "Hajafika. Alikuwa amekwama tangu saa 5. Sasa anatembea, ila polepole." Niliposhuka alfajiri nilimkuta mayu, mama yangu, yuko macho jikoni. Alikuwa ameweka matobolwa ya viazi kwenye sahani na kuyafunika kwa sahani nyingine.

"Mgeni wako yuko wapi?" akaniuliza.