Menyu ya Kutazama

Menyu ya hoteli zetu nyingi ni kitabu cha hadithi: kurasa za plastiki zenye samaki wa kupaka, pilau, mishikaki, na vijikaratasi vya bei mpya vilivyobandikwa juu ya bei za zamani. Ukiagiza samaki, kaisha. Pilau? Mpaka Ijumaa. Mhudumu hukuacha utaje vyakula vitano ndipo afichue kilichopo: chipsi kuku. Watetezi husema soko halitabiriki, samaki hawapigiwi simu. Sawa, ila mama ntilie hununua kwenye soko hilohilo, na kabla hujakaa vizuri kwenye benchi keshakutajia kilichomo sufuriani: wali maharage, ugali dagaa, basi. Hana menyu, kwa hiyo hana cha kukanusha. Kinachoudhi si samaki kuisha. Ni njaa kufanyiwa usaili, kisha iletewe soda ya moto.