Begi la Julai

Begi la kulalia la kiangazi ni jepesi kiasi kwamba ukilikunja linatoshana na boflo. Limeshonwa kwa ajili ya Julai ya Ulaya, na mgeni wetu amekuja Kilimanjaro Julai hiyohiyo. Kosa lake liko wapi? Huku Julai ni kipupwe, na kuvuka ikweta ndiko kulikopaswa kumwarifu. Na kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya bahari, haikupewa jina hilo kwa utani.

Lebo ilijaribu kumwonya. Ina nyuzijoto za starehe, za ukomo na za kunusurika. Hizi za mwisho zinaahidi kwamba kwa saa sita baridi haitakuua. Usingizi haumo katika makubaliano. Ndizo alizozisoma, maana ndizo zilizokuwa na namba ya kuvutia.

Huyu ni mtu aliyekata mpini wa mswaki kupunguza gramu. Usiku anavaa suruali tatu, soksi zote na koti la mvua, kisha anakumbatia chupa ya maji moto aliyojaziwa na mpishi. Ukipima shehena hiyo, begi nene alilolikataa dukani lilikuwa jepesi zaidi.

Lakini mgongo wake umepona! Tena ulipona tangu geti la Machame, mzigo ulipopanda kichwani kwa mgumu, yaani mpagazi, ambaye mizani ya hifadhi humruhusu kilo 20. Njiani mgeni anamweleza, kwa Kiingereza cha polepole, raha ya kutembea mwepesi.